UMEME WA AKIBA HAUTAKI HARAKA

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

Hakuna sauti inayomvunja moyo askari wa zamu kama ile ya stata iliyokosa umeme. Ni saa tisa za usiku. Simu ya upepo imeleta habari kwamba msaada unatakiwa mbele. Askari wamekwisha kupanda lori. Dereva anazungusha ufunguo, na kinachosikika ni tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Betri zimechoka. Basi watu huteremka, huzitupa bunduki migongoni, na kuanza kusukuma. Ndugu zetu wa polisi wanaolinda barabara kuu nao wanaijua adha hiyo, na wao husukuma huku raia waliokuja kuomba msaada wakiwatazama.

Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba mafundi wetu wamevutiwa na chombo kiitwacho supakapasita. Chombo hiki huweka umeme wa akiba na kuutoa kwa kishindo pale unapohitajika. Kinaweza kuwasha injini kubwa ya dizeli hata pale ambapo betri haiwezi tena kuwasha chochote zaidi ya taa ya ndani. Lakini chombo chenye kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi kinaijua njia moja tu ya kutoa nguvu hiyo, nacho hakimwulizi mtu cheo chake. Mwandishi wa makala haya aliyajua hayo kwa kuyaona, na sehemu ya kosa lilikuwa lake mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Kwanza yafaa tujue tunazungumzia nini. Kapasita ni chombo cha zamani. Mwaka 1746, Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliwapanga walinzi 180 wa Mfalme Louis wa 15, wakashikana mikono, kisha akaufungulia mstari wao umeme uliokuwa umehifadhiwa katika chupa ya Leyden, yaani kapasita ya kwanza kujulikana duniani. Walinzi wote 180 waliruka kwa pamoja mbele ya mfalme. Sijui gwaride jingine lililotii upesi namna ile bila ya sajenti kufungua kinywa. Nasi askari tuna haki ya kukumbuka kwamba tangu siku za mwanzo za elimu hii, waliotumiwa kuwa vipimo walikuwa watu wa sare.

Chupa ile iliweka umeme kidogo sana. Kapasita za kawaida zilizomo ndani ya redio zetu hupimwa kwa sehemu za milioni za faradi. Mwaka 1957 kampuni ya General Electric ya Marekani ilipata hataza ya kapasita iliyotumia kaboni yenye vinyweleo, na katika miaka ya 1970 kampuni ya NEC ya Japani ikaanza kuziuza kapasita za aina hiyo kwa jina la supakapasita. Siri yake ni hiyo kaboni. Vinyweleo vyake ni vidogo mno na vingi mno, hata gramu moja tu, lau ingaliweza kukunjuliwa, ingalifunika eneo la zaidi ya mita za mraba elfu moja. Umeme hujibandika juu ya eneo hilo lote, ukitengwa na unene usiozidi wa molekuli chache. Ndiyo maana leo seli moja yenye urefu wa sentimita 14 hivi na uzito wa nusu kilo hivi huwa na faradi 3,000.

Hata hivyo, ukaribu huo una gharama yake. Seli yenyewe haivumilii msukumo mkubwa wa umeme. Kikomo chake cha kawaida ni volti 2.7. Ukizidi hapo, majimaji ya ndani huanza kuvunjika na kuwa gesi. Gesi hukaa ndani ya kopo la alumini lililofungwa kabisa. Na kopo lililofungwa lenye gesi inayoongezeka halihitaji maelezo kwa msomaji aliyewahi kushughulika na baruti.

Lori linahitaji zaidi ya volti 2.7. Kwa hiyo seli hufungwa kwa mfuatano, chanya ya moja na hasi ya nyingine, kama askari waliopanga mstari mmoja. Seli sita zitavumilia volti 16.2 zikiwa zote sawa, na alteneta ya gari la volti 12 hutoa kiasi cha volti 14.4, yaani 2.4 kwa kila seli. Hesabu hiyo ina usalama. Wapo waliofikiri kwamba seli tano zatosha, kwa kuwa mara tano 2.7 ni 13.5, nayo inapita 12. Wamesahau kwamba gari likiwa linanguruma halitoi volti 12. Volti 14.4 zikigawanywa kwa tano ni 2.88 kwa kila seli, na safu hiyo inakuwa imehukumiwa siku ileile iliyofungwa. Kwa lori la volti 24, seli ziwe 12.

Nguvu yake je? Safu ya seli sita ikijazwa hadi kikomo inabeba juli 65,000 na ziada kidogo. Nishati hiyo ingeweza kumwinua askari wa kilo 66 hadi juu ya mnara wa mita 100. Si nyingi ukiilinganisha na betri. Betri ya gari ya kawaida yenye ampea 70 kwa saa inabeba zaidi ya mara 40 ya hapo. Tofauti ni kwamba betri huitoa akiba yake kama mzee anayehesabu sarafu, na ikichakaa huhesabu polepole zaidi. Supakapasita huweza kumwaga karibu yote katika sekunde chache. Tuchukue stata inayovuta ampea 300 kwa sekunde tatu: safu yetu itapungua kwa volti 1.8 tu, na injini imekwisha kunguruma. Tena inaweza kurudia kazi hiyo mara laki kadhaa, jambo ambalo betri ya risasi haiwezi hata kuliota.

NUSU SAA

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kambi sitaitaja, wala mtu yeyote.

Koplo mmoja, fundi wa umeme, alikuwa amepata seli sita za faradi 3,000 ili aunde safu ya kuwashia gari moja lililokuwa na betri mbovu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye daftari la mistari ambalo hakuliacha mbali. Mimi nilikwenda katika karakana yao kwa kazi yangu, yaani habari na picha. Wageni walikuwa wanatarajiwa saa nne asubuhi, na ilionekana jambo jema kwamba waone ubunifu wa askari wetu: gari lisilo na betri kabisa linawaka kwa mkupuo mmoja.

Nilifika saa tatu na nusu. Safu ilikuwa imekwisha kufungwa, bodi ndogo za kusawazisha zikiwa juu ya kila seli, lakini ilikuwa tupu. Koplo alikuwa amezipima seli nne siku iliyotangulia. Mbili hakuzipima kwa kuwa umeme ulikatika. Akaniambia, akiwa amesimama wima, "Afande, nikiijaza kwa ampea tano, na mwisho wake nikapunguza hadi chini ya ampea moja, nitahitaji zaidi ya nusu saa. Na zile mbili bado sijazijua."

Nikamwuliza kama mashine yake ya kuchajia haina nguvu ya kuzidi hapo. Alisema inayo, inaweza kutoa ampea 30. Nikauliza kwa ampea 30 ni muda gani. Akafikiri, akasema, "Dakika nne na ushei, afande. Lakini bodi hizi haziwezi."

Mimi sikuuliza bodi haziwezi nini. Nilimwambia wageni wako langoni, nasi tunataka safu ijae kabisa, volti 16.2, ili stata isije ikatuaibisha. Koplo alijibu neno ambalo kila askari hulijibu. "Ndiyo, afande."

Safu ilijaa kabla ya saa nne kasorobo. Mita iliyowekwa juu ya safu nzima ilionyesha 16.2, na mimi nilifurahi. Wageni walichelewa, kama wageni wanavyochelewa, na safu ikakaa juani juu ya bawa la gari, mashine ikiwa bado imeshikilia volti zilezile. Muda si mrefu ikasikika harufu ya rangi iliyoungua. Bodi moja ilikuwa imegeuka nyeusi. Koplo alichukua mita yake akapima seli moja moja, si safu nzima. Tano zilisoma volti 2.6. Ya sita ilisoma 3.2.

Alichomoa mashine mara moja, akaweka balbu ili kuipunguza safu, akatuamuru sote tuondoke. Ndiyo, alituamuru, na mimi Luteni nilitii bila kinyongo. Tukiwa tumesimama kama hatua 20 kutoka pale, seli ile ilitoa sauti ya mluzi, kama tairi lililochomwa na mwiba, na harufu kali tamutamu ikatufikia. Sajenti wa karakana alimpokonya dereva mmoja sigara aliyokuwa akitaka kuiwasha, akaisaga chini ya kiatu. Hakuna aliyeumia. Wageni walipofika walionyeshwa bustani ya mboga.

KWA NINI SELI MOJA ILIWAPITA WENZAKE

Jioni, koplo alinieleza kwa ndoo. Chukua ndoo sita, alisema. Tano ni pana, moja ni nyembamba. Tia kila ndoo idadi ileile ya vikombe vya maji. Ndoo nyembamba ndiyo itakayofika ukingoni kwanza. Seli zilizofungwa kwa mfuatano hupokea umeme wa kiasi kilekile, kwa maana hakuna njia nyingine ya kupita. Basi ile yenye ujazo mdogo hupanda volti zaidi ya wenzake. Na kwa kuwa mashine inaangalia jumla tu, haina habari. Alipotazama ile 2.6 na ile 3.2, alijua bila kipimo kingine kwamba seli ya sita haikuwa na zaidi ya faradi 2,400 hivi, ingawa karatasi yake iliandikwa 3,000. Seli ikishapoteza asilimia 20 ya ujazo wake, mafundi huihesabu kuwa imemaliza umri. Ile ilikuwa mzee aliyevishwa sare ya kurutu. Sokoni zimo seli nyingi za namna hiyo, zilizotolewa katika mitambo iliyovunjwa na kubandikwa karatasi mpya, na mnunuzi hana macho ya kuziona isipokuwa kipimo.

Ndipo zinapoingia saketi za kusawazisha. Ziko za namna mbili kuu. Ya kwanza ni rezista tu iliyowekwa sambamba na kila seli, inayovujisha umeme kidogo wakati wote. Seli iliyo juu huvuja zaidi, iliyo chini huvuja kidogo, na baada ya saa nyingi au siku nzima hukaribiana. Ni rahisi na haina la kuharibika, lakini ni mpole mno, tena inaimaliza akiba hata gari likiwa limelala. Ya pili ina kiungo kinachotazama volti za seli yake. Zikifika kiwango fulani, tuseme 2.65, hufungua transista na umeme ukapitishwa pembeni katika rezista badala ya kuingia katika seli. Bodi za koplo zilikuwa za namna hii.

Hapa ndipo nilipoelewa maneno yake, "bodi haziwezi." Kila bodi iliweza kupitisha pembeni ampea moja hivi. Mashine ikileta ampea 0.8, bodi huzipitisha zote, na seli iliyojaa husimama pale pale ikiwangoja wenzake. Mashine ikileta ampea 30, bodi huiondoa moja na 29 zinaendelea kuingia. Kwa seli ya faradi 2,400, ampea 29 ni volti moja na zaidi katika kila dakika moja na nusu. Ilichukua chini ya dakika moja kuvuka kutoka 2.65 hadi 3.2. Bodi ilifanya kazi yake kwa uaminifu, ikachemka, ikaungua, na ilipoungua hapakuwa tena na kitu cha kuishusha seli ile. Mtu aliyeona bodi sita zimefungwa vizuri, kama nilivyoziona mimi, angeapa kwamba safu ina ulinzi. Ulinzi ule ulikuwa na kiwango chake, nami nilikuwa nimekipita mara 30.

Nimewahi kufundishwa katika chuo cha makadeti kwamba afisa haingilii neno la fundi wa silaha juu ya silaha. Nilidhani ni neno la bunduki na mizinga.

JINSI ALIVYOPIMA

Wiki iliyofuata nilirudi, safari hii bila kamera, nikakaa kwenye kiti cha karakana kwa siku mbili. Nitaeleza aliyoyafanya kwa sababu wapo mafundi katika vikosi na katika vituo vya polisi wanaofanya kazi hii kwa kukisia.

Alianza na seli moja moja, kamwe si safu. Aliziangalia kwa macho: kopo lililovimba, alama ya majimaji kwenye kizibo, ncha iliyokwaruzwa na spana ya mtu mwingine. Kisha akaijaza seli kwa ampea 10 hadi volti 2.5, kazi inayochukua dakika 12 na nusu kwa seli nzima. Akaiacha ipumzike. Halafu akaitoa umeme kwa ampea 10 zisizobadilika, saa ya mkononi ikiwa mezani, akahesabu sekunde kutoka volti 2.4 hadi 1.2. Zidisha ampea kwa sekunde, gawanya kwa volti zilizoshuka, nawe umepata faradi. Seli nzima ilichukua sekunde 360. Seli kama ile iliyotoa mluzi ingechukua 288. Sekunde 72 tu za tofauti. Muda wa kuvuta nusu sigara.

Asiye na kifaa cha kushikilia ampea mahali pamoja anaweza kutumia rezista nzito ya sehemu moja ya kumi ya omu. Seli ya faradi 3,000 iliyojazwa hadi 2.5 itashuka hadi 0.92 katika sekunde 300. Ikifika mapema, si ya 3,000. Lakini rezista hiyo itapokea wati zaidi ya 60 mwanzoni, basi isiwe ile ya redio yenye unene wa njiti ya kiberiti.

Kipimo cha pili ni ukinzani wa ndani, na hiki kilimtesa. Seli nzima ina ukinzani wa kiasi cha sehemu tatu za elfu kumi za omu. Ukiivuta ghafla ampea 30, volti hushuka papo hapo kwa milivolti tisa tu, na mita ya bei nafuu haizioni kwa uhakika. Mara ya kwanza alipata mara tano ya hapo, akaanza kuzilaani seli zote. Kumbe alikuwa amegusisha sindano za mita juu ya vibanio vya waya, na alichokuwa akikipima ni ukinzani wa vibanio. Alipozigusisha kwenye ncha zenyewe za seli, milivolti zilirudi mahali pake. Seli ambayo ukinzani wake umefika mara mbili ya ule wa upya haina kazi katika kuwasha gari, hata kama faradi zake zimebaki.

La tatu lilihitaji subira tu. Aliijaza kila seli hadi 2.5, akaitoa kwenye mashine, akaenda kulala. Baada ya saa 24 akasoma tena. Zote hushuka kidogo. Ile inayoshuka kuliko wenzake huvuja, na hutengwa. Akaandika yote katika daftari: namba ya seli aliyoichora kwa rangi, faradi, ukinzani, volti za jana na za leo. Hatimaye alichagua sita zilizokaribiana, si sita zilizo bora. Nilimwuliza kwa nini ameiacha moja iliyokuwa na faradi 3,300. Akasema katika mfuatano, aliyezidi naye ni tatizo, kwa kuwa huwaacha wengine wabebe volti zake.

Katika kuzifunga, alisisitiza nati. Kiungo kilicholegea chenye omu moja ya elfu tu, kikipitiwa na ampea 300, huzaa joto la wati 90, na joto hilo linaingia moja kwa moja katika ncha ya seli. Alisugua kila kiungo kwa msasa laini, akakaza, akaja tena kesho yake akakaza tena.

KUJAZA, NA KUONDOA

Safu tupu, kwa mashine au kwa betri, haina tofauti na waya uliounganisha chanya na hasi. Mwenye kuchukua safu tupu na kuigusisha kwenye betri nzuri atapata cheche za kulehemu, ncha zilizoyeyuka, na pengine macho yaliyoungua. Mashine ya kuchajia inayofaa ni ile inayoshika ampea kwanza na baadaye volti. Palipokosekana mashine kama hiyo, koplo alinionyesha njia ya shamba: balbu ya taa kubwa ya gari, wati 55, ikiwekwa katika njia ya umeme kati ya betri na safu. Mwanzoni balbu huwaka kwa nguvu zote, ikiruhusu ampea nne na nusu hivi. Safu inavyojaa ndivyo balbu inavyofifia. Ikizimika, safu imelingana na betri. Nusu ya umeme hupotea katika mwanga na joto. Ni hasara, lakini ni hasara inayoonekana kwa macho, na kurutu yeyote anaweza kuisoma. Na fyuzi iwepo, karibu na betri.

Alijaza safu mpya kwa ampea tano hadi volti 12, akasimama, akapima seli zote sita. Akapunguza hadi ampea 0.8, akaendelea hadi 14.4. Akaweka kiganja juu ya kila bodi. Bodi iliyo vuguvugu inasawazisha. Bodi iliyo baridi ilhali seli yake imepita kiwango imekufa. Bodi moja ikiwa moto daima kuliko nyingine, seli yake ndiyo nyembamba. Hakupanda hadi 16.2. "Ile ni ya kitabu, afande," alisema. Tena seli hudumu zaidi ikikaa chini ya kikomo chake. Joto na volti ndivyo vinavyoila, na sehemu ya injini ya gari letu haikosi joto.

Kuhusu kuiondoa akiba, naomba askari wenzangu wasikilize. Volti 16 hazimtetemeshi mtu mwenye ngozi kavu, na ndiyo maana watu huzidharau. Hatari yake ni chuma. Pete, saa, mnyororo wa kitambulisho unaoning'inia shingoni, spana iliyoteleza; chochote kati ya hivyo kikiunganisha ncha mbili kitapitisha ampea elfu na zaidi, na pete haivuliki ikishakuwa nyekundu. Koplo huvua vyote na kuviweka ndani ya kofia yake. Hutoa umeme kwa balbu mpaka ififie, kisha kwa rezista, kisha hufunga waya mnene kati ya ncha za kila seli na kuuacha humo. Waya huo hautolewi bohari. Seli iliyomwagwa ikaonyesha sifuri, ikiachwa wazi, hujirudishia volti kidogo kutoka vilindi vya vinyweleo vyake, na safu ya seli 12 zilizojirudishia kidogo kidogo inatosha kumchoma mtu anayeamini kwamba ni tupu.

Na ikitoa mluzi? Nyingi za seli hizi zina asetonitrili, kimiminika chenye kuwaka upesi na chenye sumu, ambacho kikiungua huweza kuzaa gesi ya sianidi. Milango ifunguliwe, watu watoke, sigara na jiko vizimwe, na asiwepo shujaa wa kwenda kuitazama kwa karibu.

Safu ile iliwekwa garini. Betri mbovu ya zamani, ambayo haikuweza tena kuizungusha stata, hutosha kuijaza safu kupitia balbu kwa muda wa nusu saa na zaidi, na gari huwaka. Imewaka usiku mara kadhaa, mara moja kwa safari ya kumpeleka hospitali mke wa askari. Kila mwezi koplo hufungua kifuniko na kupima seli sita, hata pale gari linapokuwa halina tatizo lolote. Katika ukurasa wa mwezi uliopita, seli namba nne imesoma volti 2.46 huku wenzake wakiwa 2.39. Amepigia mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, na amekwisha kuandika barua ya kuomba mbadala.

Niliupiga picha ukurasa huo ili uambatane na makala haya. Mhariri amesema picha ya daftari haivutii.